Mionzi Kazini: Wajibu wa Mwajiri Hauishii Kwenye Kibali

Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne hufundishwa kwamba eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, na kwamba mionzi hiyo hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Hufundishwa pia habari za miale ya alfa, beta na gama, na namna ya kukokotoa nusu-maisha ya elementi nururifu. Lakini liko swali moja ambalo aghalabu halifiki ubaoni: mionzi hiyo ikishaingia hospitalini na kiwandani, ni nani awajibikaye kuhakikisha kwamba haiwadhuru wale wafanyao kazi karibu nayo, pamoja na wapita njia wasiojua hata kama ipo? Sheria ya Tanzania imekwisha kulijibu swali hilo. Mwenye wajibu wa kwanza ni mwajiri. Hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo halijaeleweka kwa ukamilifu wake, na kwamba shule za sekondari ni mahali pazuri pa kuanzia kulieleza.

Kibaha na Kisarawe

Wilaya za Kibaha na Kisarawe katika Mkoa wa Pwani zinafaa kuwa mfano, kwa sababu zinaonyesha pande zote mbili za jambo hili, tiba na viwanda. Kibaha iko kiasi cha kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Hapo ndipo lilipo Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, na hapo ndipo ilipo Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa kuwa iko karibu na barabara kuu, Tumbi hupokea majeruhi wengi wa ajali za magari, na kwa majeruhi wa namna hiyo picha ya eksirei ni jambo la lazima. Kisarawe nako, juu ya vilima vinavyopakana na msitu wa Pugu, kuna hospitali ya wilaya inayohudumia vijiji vilivyotawanyika mbali kuelekea kusini na magharibi.

Zaidi ya hospitali, Kibaha imekuwa eneo la viwanda. Zegereni, Visiga na Mlandizi ni majina yaliyozoeleka kwa wafanyabiashara. Baadhi ya viwanda vya huko huyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza nondo. Kwa msomaji wa kawaida, nondo na mionzi ni vitu viwili visivyokuwa na uhusiano wowote. Itaonekana hapa chini kwamba uhusiano upo, na kwamba umewahi kuleta msiba.

Ziko pia kazi nyingine ambazo duniani kote hutumia vyanzo vya mionzi, na ambazo hufuata maendeleo popote yaendapo. Wajenzi wa barabara huwa na kifaa kidogo chenye seziamu-137 na amerisiamu-241 cha kupimia msongamano na unyevu wa udongo ulioshindiliwa. Wakaguzi wa mabomba hutumia iridiamu-192 kupiga picha za maungio yaliyochomelewa ili kuona kama yana ufa. Viwanda vya vinywaji na vya saruji hutumia mionzi kupima kina cha kitu kilichomo ndani ya kopo au ndani ya pipa kubwa lisiloweza kufunguliwa. Mkoa wenye barabara, reli na bomba la gesi litokalo Mtwara hauwezi kudhani kwamba habari hizi ni za nchi za mbali.

Kiasi gani ni kingi?

Mionzi inayozungumzwa hapa ni ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomi. Ikipita katika chembe hai huweza kuharibu molekuli zinazobeba urithi. Mara nyingi mwili hujitengeneza wenyewe. Wakati mwingine hutengeneza kwa makosa, na kosa hilo huweza kuwa chanzo cha saratani baada ya miaka mingi.

Athari ya mionzi kwa mwili wa binadamu hupimwa kwa kipimo kiitwacho siverti, na kwa kuwa siverti moja ni kiasi kikubwa mno, hutumika milisiverti, yaani sehemu moja ya elfu. Kila mtu duniani hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutokana na maumbile yenyewe: ardhi, hewa, chakula na miale itokayo angani. Picha moja ya kifua hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisiverti. Picha ya tumbo kwa mashine ya kompyuta, ambayo hupiga vipande vingi na kuviunganisha, huweza kufikia milisiverti 10.

Viwango vya kimataifa vinavyofuatwa pia nchini vimeweka ukomo. Mfanyakazi wa mionzi asipate zaidi ya milisiverti 20 kwa mwaka, ikiwa ni wastani wa miaka mitano, na katika mwaka wowote mmoja asipindukie 50. Mwananchi wa kawaida asipate zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka kutokana na kazi za watu wengine. Maumbile na matibabu yake mwenyewe hayahesabiwi humo. Kijana wa miaka 16 hadi 18 anayejifunza kazi asizidishe milisiverti 6, na aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kabisa kufanya kazi ya mionzi.

Mwanafunzi anaweza kuzifanyia hesabu tarakimu hizi. Saa za kazi kwa mwaka ni takriban 2,000. Milisiverti 20 zikigawanywa kwa saa 2,000 hutoa mikrosiverti 10 kwa saa. Kwa mwananchi, milisiverti 1 ikigawanywa kwa saa hizo hizo hutoa nusu ya mikrosiverti. Sasa na afikiriwe karani aliyepewa meza nyuma ya ukuta wa chumba cha eksirei, au mama lishe aliyeweka jiko lake chini ya dirisha la chumba hicho. Watu hawa hawamo katika orodha ya wafanyakazi wa mionzi, hawavai beji ya kupimia, wala hawakupata mafunzo. Kwao ukomo ni ule wa mwananchi, tena mdogo mara 20 kuliko wa yule aliye ndani. Ukuta uliojengwa kwa kumfikiria mpiga picha peke yake haujatimiza wajibu wa mwenye hospitali.

Hesabu ya pili ni muhimu zaidi. Wataalamu wa kinga ya mionzi hukadiria kwamba siverti moja, yaani milisiverti 1,000, ikipatikana kidogo kidogo, huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa kiasi cha watu 5 katika 100. Makadirio hayo huchukuliwa kuwa ya uwiano: nusu ya mionzi, nusu ya hatari. Basi mtu anayepata milisiverti 20 kila mwaka kwa miaka 30 atakuwa amekusanya milisiverti 600, na hatari yake imeongezeka kwa watu 3 katika 100. Mtu huyo hakuvunja ukomo hata siku moja. Kwa hiyo ukomo ni mpaka usiovukwa, na kuukaribia kila mwaka si jambo la kujivunia. Ndiyo sababu sheria za kinga ya mionzi humtaka mwajiri apunguze mionzi hadi kiwango cha chini kabisa kinachowezekana kwa busara, hata pale ambapo tarakimu ziko ndani ya ukomo.

Historia inaunga mkono tahadhari hiyo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison aliyekuwa akijaribu mirija ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe, alikatwa mikono na hatimaye akafa mwaka 1904. Mwaka 1934 kiwango cha kwanza cha kimataifa kilimruhusu mfanyakazi apate mionzi zaidi ya mara 20 ya ile inayoruhusiwa leo. Mwaka huo huo Marie Curie alifariki kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishi nayo maabarani. Kila ukomo uliowekwa ulikuja kupunguzwa elimu ilipoongezeka. Mwajiri asemaye kwamba wafanyakazi wake wako chini ya ukomo, na kwa hiyo kazi imekwisha, amesahau safari hiyo.

Sheria yasemaje

Tanzania ilipata sheria yake ya kwanza mahsusi mwaka 1983, nayo ni Sheria ya Kinga ya Mionzi Na. 5, iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003, ambayo iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na mwaka uliofuata zikatungwa kanuni za kinga. Mwaka huo huo wa 2003 ilipitishwa pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayomhusu kila mwajiri, awe na mionzi au asiwe nayo.

Kwa muhtasari, mwajiri hatakiwi kumiliki wala kutumia mashine au kitu cha mionzi bila kibali. Akishapata kibali, wajibu wake ndipo unapoanza. Anatakiwa kuweka kuta na milango ya kuzuia mionzi, kutenga na kuweka alama maeneo ya hatari, kumteua mtu anayesimamia usalama, kuwafundisha wafanyakazi, kuwapa beji za kupimia mionzi, na kutunza kumbukumbu za vipimo vyao. Mfanyakazi naye ana wajibu: avae beji, afuate maagizo, asiharibu vifaa vya kinga. Lakini wajibu wake haufuti ule wa mwajiri.

Jambo la kumbukumbu lina uzito kuliko linavyoonekana. Viwango vya kimataifa vinataka kumbukumbu za mfanyakazi zitunzwe hadi afikishe, au ambapo angefikisha, umri wa miaka 75, na kwa vyovyote zisitupwe kabla ya miaka 30 kupita tangu alipoacha kazi hiyo. Sababu yake ni ya kibiolojia. Saratani ya damu huweza kujitokeza miaka michache baada ya mionzi, na saratani nyingine huchukua miaka 10, 20 au zaidi. Mtu aliyeanza kazi akiwa kijana anaweza kuugua akiwa mstaafu kijijini. Tangu mwaka 2015 Tanzania inao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Lakini mstaafu huyo atawezaje kuonyesha kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi, ikiwa daftari la vipimo vyake liliachwa kuliwa na mchwa? Mwajiri anayepoteza kumbukumbu amempokonya mfanyakazi ushahidi wake pekee.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza ni kibali chenyewe. Karatasi yenye mhuri hutundikwa ukutani na kuhesabiwa kuwa ni kinga. Kibali huthibitisha kwamba siku ya ukaguzi mambo yalikuwa sawa. Hakiwezi kuthibitisha kwamba leo mlango unafungika, au kwamba aproni ya risasi iliyokunjwa kwa miaka mingi haijapasuka ndani. Mkaguzi wa Tume hawezi kuwapo Kisarawe kila Jumatatu asubuhi. Mwajiri yupo, au ana mtu wake aliyepo.

Kisingizio cha pili ni posho. Katika maofisi na viwanda vingi pamezoeleka kwamba kazi ya hatari ina malipo ya ziada, na wafanyakazi wenyewe huyapigania. Si vibaya mtu kulipwa vizuri. Kosa huanza pale malipo yanapochukua nafasi ya ukuta. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu vinasema waziwazi kwamba nyongeza ya mshahara, likizo ndefu zaidi au bima maalumu havikubaliki kuwa badala ya hatua za kinga. Chembe ya mwili haijui hati ya mshahara. Chama cha wafanyakazi kinachodai posho bila kudai kipimo cha mionzi kimeuza kitu kisichokuwa chake, yaani afya ya mwanachama ya miaka 20 ijayo.

Jambo la mama mjamzito linahusiana na hili. Mfanyakazi akitoa taarifa kwamba ana mimba, mwajiri hana ruhusa ya kuichukua taarifa hiyo kuwa sababu ya kumfukuza. Anatakiwa abadilishe mpango wa kazi ili mtoto aliye tumboni apewe kinga ile ile ya mwananchi wa kawaida, yaani milisiverti 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito. Mahali ambapo mwanamke anaogopa kusema kwa sababu atapoteza kazi, sheria imekwisha kushindwa hata kama kila beji iko sawa.

Kisingizio cha tatu ni kumlaumu mfanyakazi: hakuvaa beji, alisimama karibu, alimshika mgonjwa kwa mikono. Hayo huweza kuwa kweli. Lakini kwa nini alimshika? Mtoto aliyevunjika mkono hupigwa picha akilia na kufurukuta, na lazima ashikwe. Kama hospitali ina mifuko ya mchanga na mikanda ya kumtuliza, na aproni kwa mzazi atakayesaidia, mfanyakazi hana haja ya kuingia ndani ya mwale. Kama haina, yeye atamshika mtoto huyo, na kesho mwingine, hadi mwisho wa mwaka. Kitendo kinachorudiwa kila siku kwa kukosa kifaa ni kosa la aliyetakiwa kununua kifaa.

Nondo za Juárez

Kwa viwanda vya chuma, mfano wenye mafunzo zaidi ulitokea mbali, katika mji wa Ciudad Juárez huko Meksiko. Mwaka 1977 hospitali moja ya huko ilinunua mashine ya kutibu saratani yenye kobalti-60, nayo ikakaa ghalani miaka kadhaa bila kutumika. Mwezi Desemba 1983 mashine hiyo iliuzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwamo vidonge vya kobalti vipatavyo 6,000, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Baadhi vilimwagika katika gari na uwanjani, vingine vikaingia tanuruni pamoja na vyuma vingine. Zikatoka nondo na miguu ya meza zenye mionzi.

Hakuna kiwanda kilichogundua. Mwezi Januari 1984 lori lililobeba nondo hizo lilikosea njia na kupita karibu na maabara ya Los Alamos nchini Marekani, ambako mitambo ya kutambua mionzi ililia. Bila dereva yule kupotea, nyumba nyingi zaidi zingejengwa kwa nondo hizo. Nyumba zilizokuwa zimekwisha kujengwa zilipimwa, na nyingine zikalazimika kubomolewa. Miaka mitatu baadaye, mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, chanzo cha seziamu-137 kilichotelekezwa katika jengo la hospitali iliyohama kilivunjwa na waokota vyuma. Watu wanne walikufa, na kwa jumla watu 249 walikutwa na uchafu wa seziamu.

Katika misiba yote miwili mlolongo ni ule ule. Yupo mwenye chanzo aliyekoma kukitumia na asikirudishe panapohusika, na wapo maskini waliouza chuma bila kujua alama iliyochorwa juu yake. Seziamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na amerisiamu-241 zaidi ya miaka 400. Kampuni ya ujenzi huweza kufilisika kwa mwaka mmoja. Wajibu wa mwenye chanzo hauna budi kudumu kuliko biashara yake, na njia ya kuuhakikisha ni kumtaka, kabla hajapewa kibali cha kuingiza chanzo nchini, aonyeshe namna kitakavyorudishwa kwa mtengenezaji au kukabidhiwa kwa Tume.

Kwa viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu Kibaha na Mlandizi, funzo ni jingine. Mwenye tanuru hakuleta mionzi na hana kibali cha mionzi, hivyo anaweza kudhani kwamba sheria haimhusu. Lakini yeye ndiye mwajiri wa wanaopakua malori, na yeye ndiye anayewauzia wananchi nondo. Mlango wa kupimia mionzi uliowekwa langoni, ambapo kila lori hupita kabla ya kumwaga mzigo, ni kinga ya wafanyakazi, ya wanunuzi, na ya mali yake mwenyewe, maana kusafisha tanuru lililoingiwa na kobalti ni gharama kubwa kupita kiasi. Yafaa mlango huo uwe sharti kwa kila kiwanda cha aina hiyo, usiachwe kuwa hiari ya mwenye kiwanda.

Hoja ya umaskini

Hapa ndipo wapinzani wa hoja hii wanaposikika, na hoja yao ina nguvu. Husema kwamba nchi haina mashine za kutosha; kwamba majeruhi anayefikishwa Tumbi saa nane za usiku anahitaji picha sasa hivi; kwamba kumbana mwenye hospitali kwa ajili ya sehemu ndogo ya milisiverti ni kuiga anasa za nchi tajiri. Mgonjwa asiyepigwa picha huweza kufa leo, nayo saratani inayohofiwa huenda isitokee kabisa.

Ni kweli kwamba hofu ya mionzi isiyo na vipimo hudhuru. Mzazi anayekataa mtoto wake apigwe picha ya mfupa uliovunjika anafanya kosa. Lakini hakuna aliyetaka hospitali zifungwe. Njia tatu kuu za kinga ni muda, umbali na kizuizi, na mbili za kwanza hazihitaji fedha za kigeni. Mionzi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: anayesimama mita 2 kutoka kwenye chanzo hupata robo ya anayesimama mita 1, na wa mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. Hatua mbili nyuma ni bure. Kupanga vizuri ili picha isirudiwe ni bure, na picha isiyorudiwa ni nusu ya mionzi kwa mgonjwa na kwa mfanyakazi. Kuhamisha benchi la wagonjwa kutoka mlangoni ni kazi ya dakika tano. Tofali la zege na lipu nzito hupatikana kila wilaya.

Kinachogharimu ni beji na vipimo vyake, na gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mashine yenyewe. Aliyeweza kununua mashine aliweza kununua beji. Mwenye kujenga nyumba haachi kuweka mlango kwa kuwa fedha zimekwishia kwenye bati. Na ikiwa mwenye hospitali ni halmashauri, basi kinga ya mionzi iwe na fungu lake katika bajeti, lenye jina, na diwani aweze kuuliza limetumikaje. Wajibu wa serikali kama mwajiri si mwepesi kuliko wa mfanyabiashara; kwa kuwa ndiyo iliyotunga sheria, haina budi kuwa ya kwanza kuitii.

Liko na jambo jingine lisilo na gharama: kumwonyesha mfanyakazi tarakimu zake. Beji hupelekwa kupimwa na majibu hurudi. Majibu hayo yanapofungiwa katika kabati la mkuu wa kituo, mfanyakazi huona beji kama pambo, akaiacha nyumbani. Akisomewa kila mara kipimo chake, na kulinganishiwa na cha kipindi kilichopita, atakuwa wa kwanza kugundua kwamba kuna kitu kimeharibika.

Kazi ya walimu na wanafunzi

Vijana wanaosoma leo Kibaha Sekondari na Minaki ndio watakaokuwa matabibu, wahandisi, wakaguzi na wenye viwanda wa kesho. Wengine watakuwa wabunge watakaoirekebisha sheria. Mwalimu wa fizikia akifundisha kanuni ya kipeo cha pili cha umbali, na atumie mfano wa mpiga picha wa hospitali ya wilaya. Akifika kwenye nusu-maisha, na awaulize wanafunzi: kifaa chenye seziamu-137 kilicholetwa na kampuni ya barabara kitakuwa kimebakiwa na nguvu kiasi gani mwaka ambao wajukuu wao watakuwa shuleni? Mwalimu wa uraia naye ana sehemu yake, maana somo la haki na wajibu hukosa uzito lisipogusa mahali pa kazi.

Mwanafunzi afundishwe pia kuitambua alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu meusi kuzunguka duara katika rangi ya manjano, na kwamba akiikuta katika chuma kilichotupwa asikiguse, asogee mbali, na atoe taarifa. Maarifa hayo madogo yangeokoa watu huko Goiânia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya mionzi ufa hauonekani kwa macho, haunusiki wala hauumi, na anayeumia huumia baada ya wengi kumsahau. Ndiyo maana haikuachwa kuwa hiari ya mtu, ikawekwa katika sheria na kukabidhiwa mwajiri. Kilichobaki ni wananchi kujua kwamba wanayo haki ya kumwuliza kila mwajiri wa namna hiyo, hospitalini na kiwandani: ukuta uko wapi, vipimo viko wapi, na daftari liko wapi?